Niya ya Mpanda Mviru

Katika Sahihi ya Imamu Muslim imepokewa kwa Jabir, Mwenyezi Mungu amwie radhi, hadithi ambayo maana yake ni kwamba Mwislamu apandapo mti, kila kinacholiwa humo, awe mlaji ni mtu, mnyama au ndege, huandikiwa yeye kuwa ni sadaka. Na katika hesabu hiyo Mtume, rehema na amani zimshukie, akaingiza hata kinachoibiwa. Neno hilo la wizi ndilo linaloshughulisha akili, kwani twajua pia, kwa hadithi ya Sayyidna Umar ambayo Imamu Bukhari aliitanguliza mwanzoni mwa kitabu chake, kuwa amali huhesabiwa kwa niya. Basi mtu aliyelala kwake, asiye na habari ya mwivi aliyeruka ukuta, na ambaye lau angalikuwa na habari angalitoka na bakora, amepataje sadaka asiyoinuia?

Wako wajibuo kwamba niya ya siku ya kupanda yatosha kuyafunika matunda yote yajayo. Sikatai; ila jawabu hilo lanukia daftari la duka, na apandaye kwa mbegu hana cha kuandika humo.

Tazama mviru, mti wa mwituni ambao viru vyake, vikiiva, hugeuka rangi ya udongo, vikawa laini na vitamu vyenye ukali kidogo, na ndani mna kokwa ngumu, aghalabu nne au tano. Atakaye kuuotesha uani huosha kokwa hata nyama yote itoke, akazianika kivulini, akaziroweka usiku kucha, kisha akazifukia katika mchanga wenye samadi iliyooza na kumwagilia kwa kiasi. Na hapo elimu yake hukoma. Kwa ugumu wa ganda, kokwa hazioti kwa pamoja: moja huchomoza mapema, nyingine hungoja hata mwenyewe amekwisha kata tamaa, nyingine haioti abadani. Hata huo ulioota haukutoa ahadi ya kuzaa tunda kama lile lililompendeza, maana mti wa mbegu, kinyume cha mwembe uliobebeshwa, hurithi pia kwa baba asiyejulikana. Kisha hupita miaka, na viru vikiiva hutanguliwa na kima, popo na watoto wa jirani.

Mtu wa namna hii amenuia nini, ikiwa si kule kutia kokwa ardhini tu? Tunda halikuwako hata alikusudie, seuze mlaji wake. Lakini nisije nikamfanya kila mpanda mviru kuwa walii: hadithi haikuweka sharti la ukarimu, na bahili mwenye bakora naye ameingia. Kwa hiyo naona thawabu hizi ni fadhila, si ujira, nazo humfikia mtu kwa njia ambayo yeye mwenyewe angaliiziba.

Mwivi hapati udhuru hapa. Kiru kimoja chaweza kuwa sadaka kwa mwenye mti na dhambi kwa aliyekichuma, wala moja halifuti la pili. Na mwenye mti ana haki ya kuzungusha ua, hasa mche ungali mchanga na mbuzi wapita. Mche ukishampita mtu kimo, mimi ningeling'oa ua huo.