Sinema, Televisheni na Mtazamaji

Mwezi Mei 1982, wakati wa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwongozaji wa Kijerumani Wim Wenders alitenga chumba cha hoteli, akaweka humo kamera, kinasa sauti, na televisheni iliyokuwa ikiwaka. Kisha akawaalika waongozaji wenzake waingie mmoja mmoja, wajibu suala lililoandikwa kwenye karatasi: je, sinema ni lugha inayokaribia kupotea? Majibu yao ndiyo filamu iitwayo Chambre 666.

Steven Spielberg alizungumzia zaidi gharama. Michelangelo Antonioni, ambaye mwaka 1980 alikuwa amekwisha kutengeneza filamu ya televisheni kwa mitambo ya video, alikiri kwamba vyombo vipya vinakuja na hatuna budi kujizoeza navyo. Werner Herzog alivua viatu na soksi, akaizima televisheni, ndipo akasema. Kitendo hicho kilikuwa hoja tosha.

Hata hivyo, lililo zito zaidi si maneno yao bali namna walivyoketi. Waliitwa kupima jambo moja, lakini hapana aliyemsikia mwenzake. Kila mmoja alikuwa peke yake mbele ya chombo, akinena pasipo kujibiwa. Huko si kuihukumu televisheni kwa desturi ya televisheni yenyewe?

Sisi Watanzania twaijua sinema ya namna nyingine, ile iliyoletwa vijijini kwa gari. Shuka jeupe lilitundikwa uwanjani, watu wakaketi chini, mfasiri akaeleza. Mzee alipinga, vijana wakacheka, mama akawanyamazisha. Filamu ikawa baraza. Televisheni ilianza Unguja mwaka 1973, na Bara ikangoja hadi 1994. Ilipofika, nyumba yenye chombo hicho aghalabu ilijaa majirani hadi dirishani, nayo ikawa sinema. Basi udogo wa picha si hatia. Hatia, kwa maoni yangu, ni kumzoeza mtu kupokea peke yake, asiwepo wa kumwambia: hapo umedanganywa. Mwenye kutengeneza picha ana deni la kumwachia mtazamaji nafasi ya kubisha.

Mwongozaji wa Kituruki Yılmaz Güney hakuweza kuingia katika chumba kile, kwani serikali ya nchi yake ilikuwa ikimsaka. Alituma sauti yake katika kanda. Kati ya wote, yeye pekee ndiye aliyehitaji mtu mwingine awemo chumbani ili maneno yake yasikike.