Aliaye, Je, Hana Imani?



Liko swali ambalo Wakristo wetu huulizana, wachache kwa midomo, wengi kwa mioyo tu: Je, mtu mwenye huzuni nyingi, akosaye usingizi kwa hofu, aweza kuhesabiwa kuwa amtumaini Mungu? Maana twafundishwa ya kuwa furaha na amani ni matunda ya Roho. Basi mti ambao matunda yake hayaonekani, tuuiteje?

Swali hili si la wenye elimu peke yao. Mwanamke mmoja wa usharika wetu alifiwa na mtoto wake wa pekee. Siku ya maziko tulimwambia mbele ya watu ya kuwa haimpasi Mkristo kulia kama wasio na tumaini. Akanyamaza. Ilipofika siku ya Chakula cha Bwana hakuja, wala mara ya pili hakuja. Tulipokwenda kumwuliza alijibu, "Baba mchungaji, sina amani moyoni. Nitaijiaje meza ya Bwana hali moyo wangu wapiga kelele?" Ndipo tulipotambua ya kuwa tumemfungia mlango ambao Bwana mwenyewe ameuacha wazi.

Kosa letu lilikuwa nini? Neno la Mtume kwa Wathesalonike tulilikata nusu. Paulo hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika pasipo tumaini. Mambo hayo mawili si mamoja. Na Bwana Yesu, ajuaye ya kuwa punde atamwita Lazaro kutoka kaburini, alilia pale pale. Nani atathubutu kusema ya kuwa imani yake ilipungua?

Tena tuutazame waraka kwa Wafilipi. Paulo aliuandika hali amefungwa, na tangu mwanzo hata mwisho wake lasikika neno la furaha. Lakini katika sura ya pili akiri ya kuwa Epafrodito alikuwa karibu kufa, na kama angalikufa, Paulo angalipata huzuni juu ya huzuni. Basi huzuni ya kwanza alikwisha kuwa nayo! Furaha na huzuni zilikaa katika moyo mmoja, wala moja haikuifukuza nyingine.

Hata Dr. Martin Luther, ambaye tumejifunza kwake habari ya imani, alifiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, naye alikuwa wa miaka 13. Alimwandikia rafiki yake Justus Jonas ya kuwa yeye na mkewe iliwapasa kushukuru kwa kuwa mtoto amepumzika, walakini hawakuweza kushukuru pasipo kulia na kuugua. Hakuyaficha machozi yake ili aonekane shujaa wa imani.

Wazee wetu husema, "Baada ya dhiki faraja." Ni neno la kweli, lakini halitoshi. Mithali hii yaiweka faraja ng'ambo ya dhiki, kana kwamba yatupasa kuvuka kwanza, ndipo tufarijiwe. Lakini katika Warumi 15:13 Mtume awaombea watu wajazwe furaha na amani katika kuamini kwao. Hasemi wajazwe baada ya taabu kwisha, wala hasemi wawe na amani kwanza ndipo waruhusiwe kuamini.

Basi kuamini ni nini? Mtazameni mama avukaye mto wakati wa masika, mtoto yumo mgongoni. Maji yavuma, mtoto aogopa, alia kwa sauti kuu. Je, kilio chake chaonyesha ya kuwa hamtegemei mama? Sivyo, alia naye ameng'ang'ania shingo yake. Tena mikono yake ikichoka, haanguki, kwa kuwa mbeleko imefungwa na mama, si na mtoto. Amani yetu ndiyo hiyo. Haikai katika nguvu ya mikono yetu. Yakaa katika mbeleko. Na mbeleko yetu ni ahadi ya Mungu tuliyofungiwa katika Ubatizo.

Kwa sababu hiyo tusipime imani kwa utulivu wa uso. Wako watu wenye ghala zilizojaa, ambao hawajaguswa na msiba, husema wana amani. Pengine ni imani, pengine ni shibe tu. Siku ya maji mengi ndiyo itakayopambanua.

Lakini nawe uliaye, usiufanye msiba wako kuwa nyumba ya kujifungia. Mtoto akishuka mgongoni katikati ya mto atapotea. Lia, lakini lia ukiwa mgongoni: katika sala, katika Neno, pamoja na ndugu. Meza ya Bwana haikuandikwa kwa ajili ya waliotulia, bali kwa ajili ya wenye njaa.

Sisi tulirudi kwa mama yule, tukamwomba msamaha kwa neno letu la maziko. Mwezi uliofuata alikuja. Alilia mezani, wala hapana aliyemkanya. Alipotoka hakusema ya kuwa huzuni imekwisha. Alisema tu, "Nimebebwa."

Ndugu, na tujifunze kubebwa. Bwana wa amani awe pamoja nanyi nyote. Amin.