Akiba na Siku Yake

Akiba haiozi, wamesema wahenga. Kauli hii imezoeleka mno hata ni nadra mtu kuuliza: akiba ya nini, na ya siku gani? Swali hilo hupata uzito likipelekwa mahali pasipotarajiwa, katika mashamba ya Wallonia, kusini mwa Ubelgiji, na ya kaskazini mwa Ufaransa, ambako wakulima walipika bia yao wenyewe na kuiweka. Leo wapo wapenzi wa bia za mtindo huo wanaozihifadhi chupa katika vyumba vya chini ya nyumba kwa miaka mingi, wakiamini kwamba wakati utazifanya bora zaidi. Je, wakati una uwezo huo?

Kwanza yafaa kujua kwa nini bia hizo ziliwekwa. Kabla ya kuwapo mitambo ya kupozea, joto la kiangazi liliharibu uchachu, kwani vijidudu visivyotakiwa vilistawi ndani ya pipa. Kwa hiyo mkulima alipika majira ya baridi, kazi za shamba zilipokuwa chache, akaiweka bia hadi msimu wa kazi, ili vibarua wapate kinywaji cha kuwakata kiu. Majina yenyewe yanashuhudia. Bia ya Wallonia huitwa saison, maana yake majira. Ya Ufaransa huitwa bière de garde, yaani bia ya kuwekwa.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Akiba ile ilikuwa na siku yake. Aliyeiweka alijua itanyweka lini, na nani atainywa. Wala kuwekwa hakukuwa sifa ya kila bia ya shamba: sahti ya Finland, inayochujwa kwa matawi ya mreteni na aghalabu haichemshwi, huharibika upesi na hunywewa ingali mpya. Yote mawili, kuweka na kutoweka, yalifuata hali ya kinywaji na haja ya wanywaji.

Ama wakati wenyewe, kazi yake inajulikana. Uchungu na harufu ya maua ya hopsi hufifia. Oksijeni kidogo iliyobaki chupani huzaa ladha inayofanana na karatasi iliyolowa, na joto huharakisha uharibifu huo. Lakini chachu iliyo hai huweza kuendelea na kazi. Mwaka 1904 N. Hjelte Claussen, wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alieleza habari za chachu aliyoiita Brettanomyces, ambayo hula sukari zilizoshindikana kwa chachu ya kawaida na kuleta, polepole, harufu za ngozi na za zizi. Bia yenye chachu hiyo hubadilika kwa miaka. Isiyokuwa nayo, tena yenye kilevi cha wastani, ina machache ya kungojea.

Lakini kubadilika si kutengenea. Watu wa pwani wanalijua hilo kwa tembo la mnazi. Likigemwa asubuhi ni tamu. Jioni limekwisha kuwa kali. Baada ya siku chache ni siki. Siki ina heshima yake jikoni, wala hapana aitupaye kwa kuwa si tembo. Hata hivyo, hapana asemaye kwamba siki ni tembo lililokuwa bora. Kimekuwa kitu kingine, chenye matumizi mengine. Asemaye kwamba bia ya miaka kumi ni bora kuliko ya mwaka mmoja hana budi kwanza kuthibitisha kuwa angali akizungumzia kitu kile kile.

Yamkini mtu akapinga kwa kutaja gueuze, bia ya Brussels na viunga vyake, inayotengenezwa kwa kuchanganya lambic ya mwaka mmoja, miwili na mitatu. Je, huko wakati haukuleta ubora? Uliuleta, lakini haukuuleta peke yake. Mchanganyaji huonja pipa baada ya pipa, na lambic changa ndiyo iletayo sukari ya kuamsha uchachu ndani ya chupa. Uzee pekee ungetoa kinywaji kisicho na povu. Hali kadhalika, saison ya Brasserie Dupont, ya kijiji cha Tourpes, yenye kilevi cha asilimia 6.5, huchacha tena chupani kabla ya kuuzwa. Mpikaji amekwisha kungoja kwa niaba ya mnywaji.

Basi wakati hautoi kitu ambacho hakikutiwa. Huendeleza kilichomo, kizuri na kibaya pamoja. Imani kwamba kungoja kwenyewe ni wema humwondolea mtu wajibu wa kuamua. Subira yavuta heri, ndiyo. Lakini ngojangoja nayo huumiza matumbo, na wahenga waliosema hili ndio waliosema lile. Subira hujua inachokingojea. Ngojangoja haijui, na kwa kuwa haijui, haioni siku ilipofika na kupita.

Hasara ya mwenye chupa zisizofunguliwa si ladha tu. Kinywaji kilichobuniwa kwa ajili ya watu waliochoka, wanywe pamoja ukingoni mwa shamba, kimegeuzwa mali ya mtu mmoja. Marafiki waliostahili kukinywa wanazeeka, wengine wanakufa, na chupa ingali ikingoja hafla iliyo kubwa ya kutosha. Ndivyo iwavyo pia kwa nguo nzuri isiyovaliwa, na neno la shukrani lisilosemwa hadi mwenyewe hayupo.

Akiba haiozi pale inapokuwa na siku yake na mtu wake. Mkulima wa Wallonia aliijua siku hiyo tangu alipoziba pipa, nayo ilipofika, alilifungua.