Israfu ya Maji Katika Tangi la Choo

Sifa njema zote ni za Mola aliyeyajaalia maji kuwa uhai wa viumbe na tohara ya waja wake. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na aali zake na sahaba zake. Amma baadu.

Yuko mtu atawadhaye kwa kipimo. Huufunga mfereji baina ya kiungo na kiungo, humgombeza mwanawe auachaye wazi, na akimwona jirani aosha mkono mara ya nne humwonya. Mtu huyo akiingia kulala, nyuma ya ukuta tangi la choo chake lalia usiku kucha kama kijito. Maji yashuka katika sinki la choo, wala hapana aliyekwenda haja. Mkewe amemwambia tangu mfungo mosi, naye hujibu kuwa hayo ni maji tu, na fundi ataitwa. Wudhuu wake umesalimika na israfu. Nyumba yake haikusalimika.

Hukumu ya ufujaji si jambo la kutafutwa mbali. Katika Sura ya Al-Israa wafujaji wamehesabiwa kuwa ndugu wa mashetani. Imepokewa kwa Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia Saad naye yuatawadha, akamkanya na israfu, Saad alipouliza kama hata katika wudhuu iko, aliambiwa iko, japo mtu awe penye mto uendao. Wako wanavyuoni walioidhoofisha sanadi ya Hadithi hii, lakini kipimo kimethibiti katika Bukhari na Muslim: Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, na akikoga kwa mudi nne mpaka tano. Na mudi haifiki lita moja.

Sasa na apime mwenye nyumba. Aifunge koki iingizayo maji tangini, atie alama ya kalamu ya risasi pale maji yalipofika, angoje nusu saa pasi na mtu kukitumia choo. Tangi lenye urefu wa sentimita 40 na upana wa 15 kwa ndani, maji yakishuka sentimita 6, zimepotea lita 3.6. Kwa usiku na mchana ni kadiri ya lita 172, nayo ni madebe manane na zaidi. Hata kila mwenye kutawadha akipewa lita nzima, hizo ni wudhuu 170 kila siku, zamwagwa mahali pasipokogwa wala pasiposaliwa. Lau mtu angesimama barazani akamwaga madebe manane kila alfajiri, mtaa mzima ungesema amepatwa na wazimu.

Wazee wa pwani waliyajua maji kwa uzito wake, kwa kuwa waliyavuta kisimani na kuyachukua kichwani. Mji wa Unguja uliletewa maji ya mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na watu waliihesabu neema kubwa. Leo aliye na bomba ameusahau uzito huo, na huku jirani yake angali akinunua maji kwa dumu.

Alama ile ile huonyesha penye ugonjwa. Maji yakishuka na koki imefungwa, mpira ulio chini ya tangi haukai sawasawa. Basi tangi limwagwe, mpira uvuliwe, na mahali unapokalia pafutwe kwa kitambaa, maana maji ya pwani, ardhi yake ikiwa ya matumbawe, huacha chokaa. Ukiwa umekakamaa au umepindika, uchukuliwe dukani upate kulinganishwa na mpya. Mnyororo wake usikazwe sana wala usiwe mrefu hata ukabanwa chini ya mpira. Ikiwa maji hayakushuka, ila koki ifunguliwapo hupanda hata yakaingia katika bomba la kufurikia, mpira hauna kosa. Boya ndilo literemshwe, maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Na boya likiteremshwa nayo yasikome, vali yake imekwisha.

Wako waonao haya kuingiza mkono katika tangi la choo, wakidhani ni najisi. Maji yale ni tohara, ndiyo yale yale ya mfereji, hayajafika kwenye sinki. Na aonaye kazi hiyo ni duni kwake, Bibi Aisha alisimulia kwamba Mtume alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake.

Vyoo vya misikiti vina hukumu nzito zaidi. Mafakihi wa Kishafi wamesema kuzidisha maji katika wudhuu ni makuruhu kwa mwenye maji yake, lakini ni haramu katika maji yaliyowekwa waqfu, kwa kuwa mwenye kuyatoa hakutoa idhini ya ziada. Basi asikiaye tangi la msikiti likivuja amwarifu msimamizi siku ile ile, wala msimamizi asingoje mchango wa Ijumaa ikiwa waqfu una mapato yake, kwani mapato ya waqfu hutangulizwa katika kuitengeneza mali yake, kabla ya mazulia na taa.