Udhuru wa Sikio

Katika Kiswahili, kitenzi kusikia kimebeba mzigo mkubwa. Mtu husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi, husikia harufu ya asumini. Mtoto mkaidi naye huambiwa hasikii, ijapokuwa masikio yake ni mazima. Lugha imekwishatoa hukumu yake: kusikia si kazi ya sikio peke yake. Lakini lawama inapozuka, neno hilo hilo hugeuzwa ngao. "Sikusikia," husema jirani anapoulizwa kwa nini hakutoka usiku ule kilio kiliposhitadi nyumba ya pili. Je, huo ni udhuru?

Ili kulipima jibu lake, ni vyema kuanza na sauti yenyewe. Sauti ni mtikisiko. Kengele ikigongwa hutetemeka. Hewa iliyo karibu nayo hubanwa na kuachiwa, ikaisukuma hewa ya mbele yake, kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Hewa haisafiri, kinachosafiri ni msukumo. Mwaka 1660 Robert Boyle alieleza jinsi alivyoitundika saa ndani ya chombo cha kioo na kuitoa hewa kwa pampu: mlio ukafifia mpaka usisikike, ilhali saa ilikuwa ikienda.

Msukumo ukifika sikioni hutikisa kiwambo, kisha vifupa vitatu, kisha majimaji yaliyomo ndani ya mfereji uliojikunja kama kombe la konokono. Humo, seli zenye vinyweleo huugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Sauti hafifu kabisa husogeza kiwambo kwa kiasi kidogo kuliko upana wa atomu moja. Sikio halina kope. Haliwezi kufumbwa kama jicho, wala halilali mwenyewe anapolala.

Hata hivyo, katika safari yote hiyo hamna maana. Kilio na kicheko, vikiwa hewani, ni mitikisiko tu. Tarehe 27 Agosti 1883, mlima wa volkano wa Krakatau, baina ya Java na Sumatra, ulilipuka. Katika kisiwa cha Rodrigues, upande wa pili wa Bahari ya Hindi, umbali wa karibu kilomita 4,800, mkuu wa polisi aliandika kwamba kumesikika ngurumo kama za mizinga mikubwa kutoka mashariki. Sauti ilikuwa imesafiri saa nne. Ilipofika, mawimbi yalikwishazifagia pwani za huko. Watu zaidi ya 36,000 walipoteza maisha. Rodrigues ilisikia, na haikujua imesikia nini. Hapana wa kuwalaumu watu wake: sauti iliwafikia, maana haikuwafikia, wala hawakuwa na njia ya kuiendea.

Jirani wa nyumba ya pili hana umbali huo wa kumkinga. Baina yake na kilio pana ukuta mmoja, na maana ya kilio anaijua tangu utotoni. Atajitetea kwamba dunia imejaa kelele, na anayeitikia kila sauti hatapata usingizi. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Binadamu hana budi kuchuja. Lakini ni nani anayeuchagua mchujo? Mama aliyelala fofofo huyaacha mawimbi ya bahari yavume usiku kucha, na mwanawe akikohoa mara moja huamka. Sikio lake halina nguvu kuliko la wengine. Limefunzwa na moyo lipi lisipitwe. Hata kiziwi, asiyepokea mtikisiko wowote, huisoma dhiki machoni mwa mwenziwe, naye husikia kwa maana ile pana ya Kiswahili.

Seli za sikio zikifa kwa kelele hazioti tena, na mwenyewe huchelewa kutambua. Moyo nao una njia hiyo. Anayekiacha kilio kipite leo, kesho atakiacha kwa wepesi zaidi, mpaka kilio kiwe sawa na upepo juu ya mabati. Siku hiyo akisema "sikusikia" atakuwa anasema kweli, na hapo ndipo lawama yake inapokuwa kubwa kuliko alipokuwa akidanganya.