Matanga Yanavyounganisha Mji na Shamba

Mtu akifariki katika Mji wa Kale wa Mombasa, habari hupita msikiti hadi msikiti, na mazishi hayacheleweshwi. Wanaume hupokezana jeneza mabegani hadi makaburini, na hata asiyemjua marehemu hutia bega lake. Nyumbani mikeka hutandikwa, watu hukaa matanga, kwa desturi siku tatu. Ya tatu husomwa hitma: juzuu thelathini za Kurani hugawanywa kwa wasomaji, msahafu ukaisha kwa kikao kimoja, kisha matanga huanuliwa. Mjane hubaki edani miezi minne na siku kumi, na mahitaji yake huwategemea jamaa.

Swali zito ni nani apike. Mtume aliagiza jamaa wa Jaafar, aliyeuawa katika vita vya Muuta, wapelekewe chakula kwa kuwa msiba umewashughulisha. Sinia za majirani zinatimiza agizo hilo. Pilau ya arobaini inayopikwa na wafiwa wenyewe huligeuza, na masheikh wanaoipinga wana haki: kuna nyumba zinazokopa ili zisisemwe kwamba zimemtupa maiti wao.

Kwa Wamijikenda wanaofanya kazi kisiwani Mombasa, msiba huwarudisha Kwale au Kilifi, maana hanga, yaani matanga yao, huwekwa kijijini. Huko mzigo wa nauli, sanda na ng'ombe huwaangukia zaidi wenye mshahara. Michango huandikwa daftarini jina kwa jina, siku hizi mingi ikipitia M-Pesa, na daftari hilo hufunguliwa tena msiba unapomfika aliyechanga.

Miongoni mwao, Wagiriama humchongea mzee wa chama cha Gohu kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka. Wengine husimamishiwa koma, kigingi kifupi. Roho ya marehemu, nayo huitwa koma, ikisahauliwa huaminiwa kuja ndotoni kudai tambiko, na mtoto aliye mjini hana budi kwenda nyumbani kukaa na nduguze. Ndiyo maana wizi wa vigango vilivyouzwa hadi katika makumbusho ya Marekani ni jeraha: ukoo hupokonywa mahali pa kukutania. Vingine vimerudishwa.

Mji na bara vimefungamana tangu zamani. Mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, yaani Thelatha Taifa na Tisa Taifa, yalikuwa na washirika wao katika Mijikenda, wakisaidiana kwa biashara, kwa vita na wakati wa njaa. Dini na mazishi ni tofauti, lakini hadi leo jirani Mgiriama huonekana kwenye mkeka wa matanga mtaani Kibokoni katika Mji wa Kale, na Mswahili hupanda matatu kwenda kuhani Kaloleni.