Katuni Isiyostahili Kufungiwa Kabatini

Katika Hadashi no Gen, hadithi ya katuni ya Mjapani Keiji Nakazawa, kuna kurasa ambazo ni vigumu kuzimaliza kwa mkupuo mmoja. Ni tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima, siku ya bomu la atomiki. Nyumba imeanguka, baba, dada na mdogo wa Gen, mvulana mhusika mkuu, wamebanwa chini ya maboriti. Gen na mama yake mjamzito wanavuta mbao, hazisogei. Moto unakaribia, na baba anamwamuru mwanawe amchukue mama wakimbie. Nakazawa hakubuni msiba huo: akiwa na miaka sita, siku ile aliwapoteza baba, dada na mdogo wake.

Wapo wasemao mtoto asione mambo hayo. Mwaka 2012 bodi ya elimu ya mji wa Matsue iliagiza kitabu hiki kiondolewe kwenye rafu za wazi shuleni. Mwaka uliofuata agizo likabatilishwa. Hofu yao naielewa, maana picha ikishamwingia mtoto kichwani haitoki upesi. Lakini katuni ngapi huua watu kwa mamia bila hata mmoja kuliliwa, na wala hazimshtui mzazi? Hizo ndizo zinazomzoesha mtoto kifo. Nakazawa humlazimisha msomaji kumjua anayekufa, kwa jina na kwa sauti. Nasi hatuko mbali na habari hii: urani nyingi ya bomu lile ilichimbwa huku kwetu Afrika, Shinkolobwe, Katanga. Mzazi, mwalimu, usikifiche kitabu hicho. Kaa na mtoto, msome pamoja, na akiuliza, mjibu.